Ming'oko: chakula cha porini tunachokula bila kukihesabu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wageni katika harambee ya mwaka ya chama chetu, Dar es Salaam)

   

Kamati imeniomba nizungumze kuhusu lishe nyumbani, kwa sababu sehemu ya michango ya mwaka huu inakusudiwa kwenda kwenye chakula cha watoto shuleni. Wengi mnanifahamu: mimi ni mhasibu, si daktari wala bwana shamba. Kazi yangu ya kila siku ni kuangalia kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Lakini chakula nacho kina daftari lake, na nimeona ukurasa mmoja wa daftari la nyumbani ambao hatujawahi kuufungua. Ukurasa huo ni wa ming'oko.

Najua kuna waliotabasamu. Hapa mjini, ukisema umetoka Newala au Tandahimba, watani zako hawakosi la kusema: ninyi watu wa mizizi. Tunacheka, tunawajibu, maisha yanaendelea. Ubaya ni kwamba utani huo umewafikia watoto wetu, nao hawaupokei kama utani. Mtoto aliyezaliwa Mbagala au Tandika akipelekwa likizo kwa bibi yake, akawekewa sahani ya ming'oko, anauliza kama nyumbani hakuna chakula. Nataka tumjibu mtoto huyo kwa hesabu.

Nianze na utambulisho, maana humu kuna wakwe zetu na marafiki kutoka mikoa mingine. Ming'oko ni viazi vya porini vya ukoo wa viazi vikuu. Mmea wake ni mtambaazi unaopanda kwenye vichaka vya Uwanda wa Makonde na maeneo mengine ya Mtwara na Lindi. Wataalamu wa mimea wanauita Dioscorea hirtiflora. Viazi vyake ni vyembamba na virefu, na vinajificha ardhini chini ya vichaka. Mvua zikishaisha na majani kukauka, mama zetu huingia porini na jembe au muo, hufuata mtambaazi ule mkavu mpaka kwenye shina, kisha huchimba. Wakifika nyumbani huviosha, huvichemsha kwa chumvi, na kazi imekwisha. Nani hajawahi kushuka kwenye basi Mtwara mjini akakutana na beseni la ming'oko ya moto?

Wala si sisi peke yetu tunaoila. Watonga wa kusini mwa Zambia wanaujua mmea huu huu, wao wanauita lusala, na kwao pia huchimbwa, huliwa na huuzwa. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wana mizizi yao ya porini, ya mimea mingine. Watafiti waliokaa nao na kuwauliza vyakula wanavyovipenda walikuta asali iko juu kabisa, na mizizi iko chini kabisa. Lakini asali na matunda vina msimu wake, na nyama leo ipo kesho haipo, wakati mizizi inapatikana mwaka mzima. Kwa hiyo chakula wanachokipenda kidogo kuliko vyote ndicho wanachoweza kukitegemea siku zote. Wahasibu wenzangu walioko humu wanajua jina la kitu cha namna hiyo: ni akiba. Hakuna anayeishangilia siku ya sherehe, lakini siku mambo yakiharibika ndiyo inayotazamwa kwanza.

Sasa tufungue daftari. Takwimu nitakazozitaja ni za viazi vikuu kwa jumla, yaani ukoo wenyewe wa ming'oko, na ni za makadirio.

Chukua gramu 100 za kiazi kikuu kilichochemshwa. Karibu gramu 70 ni maji. Wanga ni gramu 27 hivi, nao ndio unaotupa nguvu: kilokalori 116 hivi. Protini ni gramu moja na nusu tu. Mafuta ni kama hayapo. Nyuzinyuzi zinakaribia gramu 4, ambazo ni karibu mara mbili ya zile za muhogo. Madini ya potasiamu ni zaidi ya miligramu 600, ambayo nayo ni zaidi ya mara mbili ya muhogo. Vitamini C ipo, miligramu kama 12 baada ya kuchemsha. Vitamini A ni kama hakuna, kama ilivyo kwa viazi karibu vyote vyenye nyama nyeupe.

Tafsiri yake ni nini? Upande wa mapato, ming'oko inaleta nguvu ya kufanyia kazi. Mtu mzima akila nusu kilo anapata kilokalori 580 hivi, na hicho ni kifungua kinywa cha kumtosha mtu anayekwenda kupalilia. Inaleta nyuzinyuzi, ambazo zinasaidia tumbo kufanya kazi vizuri na kufanya shibe ikae. Inaleta potasiamu, ambayo inausaidia mwili kukabiliana na chumvi nyingi na kulinda shinikizo la damu. Wazee wenzetu wa mjini wenye presha, wanaokunywa chai na mkate mweupe kila asubuhi, sahani ya ming'oko isiyojazwa chumvi ingewafaa zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo amsikilize kwanza daktari wake, kwa sababu potasiamu nyingi si nzuri kwake. Na mwenye kisukari akumbuke kwamba wanga ni wanga hata ukitoka porini, apime kiasi.

Niseme pia ambacho ming'oko haina, kwa sababu daftari lenye mapato peke yake ni la uongo. Siku hizi kila mzizi unauzwa kama dawa: huu wa mgongo, ule wa heshima ya ndoa. Sijaja kuuza dawa. Ming'oko ni chakula, na ni chakula pungufu.

Chukua mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 9. Wataalamu wa lishe hukadiria tumbo la mtoto kwa gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo huyu anaweza kula gramu 270 hivi kwa mlo mmoja, zaidi ya hapo hapokei. Mshibishe kwa ming'oko peke yake. Atapata kilokalori 313 na atalala vizuri. Lakini madini ya chuma atapata miligramu moja na nusu hivi, wakati anahitaji kama 7 kwa siku. Mafuta hakuna. Vitamini A hakuna. Zinki ni kidogo mno. Mtoto ameshiba, halii, mama ameridhika, na bado mwili wake unadai. Siku ya kwanza deni hilo halionekani. Linaonekana baada ya miaka miwili, pale mtoto anapokuwa mfupi kuliko umri wake.

Huo ndio udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta watoto 34 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 30. Tumepiga hatua kama taifa, lakini watoto 30 kati ya 100 bado ni wengi. Na mtoto hadumai kwa njaa ya tumbo tupu peke yake. Anadumaa pia kwa sahani iliyojaa kitu cha aina moja, iwe ugali wa muhogo, iwe ming'oko, iwe wali mweupe wa hapa mjini.

Habari njema ni kwamba kinachokosekana kwenye ming'oko tunacho, tena kwa magunia. Ndugu zangu, sisi ni watu wa korosho. Gramu 100 za korosho zina protini gramu 18, mafuta gramu 44, madini ya chuma miligramu zaidi ya 6 na zinki zaidi ya 5. Chukua konzi moja ndogo, gramu 30, zitwange mpaka zilainike, uchanganye na ming'oko iliyopondwa. Umemwongezea mtoto protini gramu 5, mafuta gramu 13, chuma miligramu 2 na kilokalori 165, na bado chakula kinaenea kwenye tumbo lake dogo. Ongeza kisamvu kilichotwangwa na kupikwa vizuri, au kipande cha papai au embe, vitamini A imeingia. Ongeza dagaa ukiwa nao. Hapo mama amekamilisha sahani bila kununua hata pakiti moja ya dukani.

Na tujiulize: nyumbani ni kaya ngapi zinazolima korosho halafu watoto wake hawazili? Msimu wa 2017/18 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, na sehemu kubwa ilisafirishwa ikiwa ghafi, na maganda yake, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Sisemi tuache kuuza. Korosho ndiyo iliyosomesha wengi wetu humu ndani, ndiyo iliyotuvalisha viatu. Ninachosema ni kwamba zile zilizovunjika wakati wa kubangua, ambazo bei yake ni ndogo, zingebaki kwenye uji wa mtoto. Hiyo ndiyo hesabu ya mkulima mwenye akili.

Wazee wangu, sasa naomba niguse jambo zito zaidi, kwa sababu thamani ya chakula haipimwi kwa kilichomo tu. Inapimwa pia kwa kile ambacho mtu angelazimika kula kama chakula hicho kisingekuwepo.

Uwanda wetu tunaujua. Mvua ni msimu mmoja. Maji ni ya kuhangaikia. Ghala likiisha kabla ya mavuno mapya, kuna miezi ya kujikaza. Babu zetu walipitia mabaya zaidi: wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya kusini ili kuwashinda watu kwa njaa, na waliosalia walikwenda porini kutafuta mizizi. Katika mizizi ya porini, iko inayoliwa siku hiyo hiyo, na iko inayoua. Ndiga, kwa mfano, ni kiazi cha porini chenye sumu. Huliwa wakati wa njaa, lakini lazima kikatwekatwe na kulowekwa kwenye maji kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa. Anayejua huo utaratibu anaokoka. Mwenye haraka, au aliyekosa maji ya kutosha, au kijana ambaye hakufundishwa, anaweza kuipeleka familia nzima hospitali, au makaburini.

Muhogo nao, ambao ni rafiki yetu wa kila siku, una upande huo. Muhogo mchungu una sumu, na mama zetu wanaitoa kwa kuumenya, kuuloweka au kuuvundika, na kuuanika mpaka uwe makopa makavu. Njaa inapobana, siku za kuandaa hupunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na moja kwa moja, na unaowapata zaidi watoto na kina mama. Chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, unaoliwa siku nyingi mfululizo na watu wasiopata protini ya kutosha. Kuna njia rahisi ya kuongeza usalama, na naomba muipeleke nyumbani: unga wa muhogo ukishasagwa, uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba, usizidi unene wa sentimita moja, uachwe saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu iliyobaki iruke kama hewa. Kisha usonge ugali kama kawaida, siku hiyo hiyo.

Mnaona ming'oko inaingia wapi hapa? Ming'oko haihitaji kulowekwa siku tatu. Haihitaji maji mengi, na maji kwetu ni mali. Unaichimba asubuhi, mchana mmekula. Katika miezi migumu ndiyo inayosimama kati ya familia na ndiga. Ndiyo inayompa mama nafasi ya kuacha makopa yake yakauke sawasawa. Faida hiyo haimo kwenye jedwali lolote la kilokalori, lakini mimi naihesabu kuwa ndiyo kubwa kuliko zote.

Basi swali la mhasibu ni moja: akiba hiyo imebaki kiasi gani?

Mnaokwenda nyumbani mara kwa mara mnajua jibu. Waulizeni mama zenu na shangazi zenu zamani walikuwa wanachimba wapi, na sasa wanachimba wapi. Vichaka vilivyokuwa nyuma ya nyumba vimekuwa mikorosho. Ni maendeleo, na sina ugomvi nayo, lakini mtambaazi wa ming'oko unataka kichaka cha kuupandia. Kichaka kikifyekwa na kuchomwa, umeondoka. Pili, soko limekua. Zamani mama alichimba ya kula. Leo anachimba ya kula, ya kuuza kijijini na ya kupakiwa kwenye basi kuletwa mpaka huku kwetu, maana nasi tunaitamani. Anayechimba kwa ajili ya gunia hachimbi kama anayechimba kwa ajili ya sufuria. Anang'oa kila kitu, kidogo na kikubwa, anaacha shimo wazi na kwenda kwenye shina jingine.

Katika uhasibu kuna kanuni ambayo hata muuza genge anaijua: kula faida, usile mtaji. Kwa ming'oko, mtaji ni kichwa cha kiazi, ile sehemu ya juu iliyoungana na shina. Viazi vikuu huchipua tena kutoka hapo. Bibi zetu walichukua vile virefu, wakakiacha kichwa au wakakirudisha shimoni, wakafukia, wakakanyaga kwa mguu. Sisi tunaweza kudhani ilikuwa desturi tu. Ile ilikuwa kuweka mtaji benki. Leo yapo mashimo mengi yasiyofukiwa, na kila shimo lisilofukiwa ni akaunti iliyofungwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nisingependa nimalize kwa kulalamika tu, watu wakapiga makofi wakaenda kula pilau. Nina mapendekezo matatu, na yote yanahusu bahasha mlizowekewa mezani.

La kwanza ni shamba la shule. Shule zetu za msingi zina ardhi. Naomba chama kianze na shule chache zilizo tayari, kila moja itenge robo ekari, ipandwe ming'oko kwa vichwa vya viazi, pamoja na miti ya kuupandia mtambaazi, na pembeni muhogo mtamu, kunde na mipapai. Watafiti wa kilimo wa Naliendele wako mkoani kwetu, si mbali. Tuwaandikie rasmi, tuwaombe watushauri namna ya kupanda na kutunza. Watoto wajifunze kwa mikono yao kwamba chakula cha porini kinaweza kulimwa, na wajue kutofautisha ming'oko na ndiga wakiwa na mwalimu na bibi wa kijiji, kabla ya siku watakayokuwa na njaa.

La pili ni uji na mlo wa mchana. Hapa ming'oko haitatosha kulisha shule nzima, tuseme ukweli. Itakuwa nyongeza ya msimu. Nguzo itakuwa unga, na kiungo kitakuwa korosho zilizovunjika na karanga. Napendekeza sehemu ya michango inunue mashine ndogo ya kusagia, ikabidhiwe kamati ya kina mama, na kila mzazi mkulima wa korosho achangie kiasi kidogo cha korosho kwa mwaka badala ya fedha. Kwa mzazi wa kijijini, kilo mbili za korosho wakati wa mavuno ni nyepesi kuliko noti mwezi wa pili.

La tatu halina gharama. Serikali za vijiji vyetu zikubaliane na kina mama wanaochimba juu ya mambo mawili: kichwa kirudishwe na shimo lifukiwe, na vichaka fulani viachwe bila kufyekwa. Nasisitiza kina mama wenyewe wawepo kwenye kikao, kwa sababu wao ndio wenye ujuzi. Sisi wa mjini tukienda na karatasi yetu ya maagizo, watatusikiliza kwa adabu, watatupikia chakula kizuri, na tukiondoka wataendelea kama kawaida.

Sasa hesabu ya fedha, maana ndiyo niliyoisomea. Mwanachama mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 120,000. Tukiwa 100 tu wenye nia, ni shilingi milioni 12. Tukiwa 200, ni milioni 24. Elfu kumi ni soda chache na nauli ya bodaboda mbili tatu. Wapo humu watakaosema wangependa kutoa kubwa mara moja, na Mungu awazidishie. Lakini nyumba ya lishe haijengwi kwa harambee ya siku moja. Mtoto anakula kila siku, kwa hiyo mchango unaomfaa zaidi ni ule unaokuja kila mwezi, hata ukiwa mdogo. Naomba pia kila senti iandikwe, na kila mwaka katika kitabu hiki cha harambee tuchapishe mapato na matumizi, shule kwa shule, ili anayetoa ajue kimekwenda wapi. Mimi nimejitolea kufanya kazi hiyo bila malipo, na nitakaribisha mkaguzi yeyote mtakayemteua.

Naomba na jambo moja dogo la nyumbani kwenu hapa Dar. Mkiletewa ming'oko kutoka kijijini, msiile kimya kimya jikoni kama watu wanaoficha kitu. Iwekeni mezani. Wapikieni watoto pamoja na korosho za kutwanga na mboga za majani. Waambieni jina lake, inakotoka, na nani aliyeichimba. Na mkinunua kwa muuzaji, msimnyonge bei. Ile kazi ya kuinama juani na muo mkononi haijawahi kulipwa thamani yake.

Siku mtani wako atakapokuita mtu wa mizizi, mwambie ndiyo, na umkaribishe sahani. Mwambie mizizi hiyo ina nyuzinyuzi na potasiamu kuliko muhogo anaokula yeye, na kwamba ilituvusha miaka ambayo ghala lilikuwa tupu. Kisha umwambie kwamba kwetu sasa tunaipanda. Hilo la mwisho ndilo bado hatujaweza kulisema. Naomba harambee hii itupe haki ya kulisema mwakani.

 Wazee, mniwie radhi kwa kuwachelewesha chakula. Kamati, naomba zile bahasha zianze kupita, na ya kwanza ni hii yangu hapa.